Pikipiki ya Zamani Yatafuta Viatu Vyake

Katika nyumba nyingi za nchi yetu kimo kitu kimoja alichokiacha baba au babu, ambacho watoto hawakubali kukitupa. Kwa wengine ni saa ya ukutani, kwa wengine mashini ya kushona, na kwa wachache ni pikipiki. Imesimama barazani, imefunikwa turubai. Mtambo wake ungali mzima: ukitiwa mafuta na kupigwa teke, huitika. Walakini haitembei. Kwa sababu gani? Viatu vyake vimekwisha. Tairi zimepasuka pande zote, na katika maduka ya mjini hakuna hata moja inayoifaa.

Wengine watasema kwamba jambo hili ni dogo. Si dogo. Pikipiki inayotembea humfikisha mgonjwa hospitalini kabla ya usiku, humpeleka katekista kwenye kijiji cha mbali, huleta maharagwe sokoni yangali na bei. Tena, tairi isiyofaa ni hatari kuliko kukosa tairi. Pikipiki iliyosimama barazani haimwui mtu, bali ile iliyovishwa kiatu kisicho chake yaweza kumwangusha baba wa watoto sita penye mteremko.

Basi, wasomaji wapenzi, leo tutazame pamoja namna ya kutafuta tairi za pikipiki isiyo ya kawaida. Twasema tangu mwanzo: mara nyingi tairi hizo zipo duniani, na bado zatengenezwa. Wanaozikosa ni wale wanaotafuta jina la pikipiki, badala ya kutafuta kipimo cha gurudumu.

PIKIPIKI ZA HERSTAL

Karibu na mji wa Liège, katika Ubelgiji, kuna mji mdogo uitwao Herstal. Hapo palikuwa na viwanda vitatu vya pikipiki vyenye sifa. Cha kwanza kilikuwa Saroléa, nyumba iliyoanza mwaka 1850 kwa kazi ya silaha. Cha pili kilikuwa FN, kilichoundwa 1889 kutengeneza bunduki. Mwaka 1901 kilitoa pikipiki yake ya kwanza, na mwaka 1905 kikaanza kuuza pikipiki yenye silinda nne, jambo lililowashangaza watu wa siku zile. Cha tatu kilikuwa Gillet, kilichozaliwa baada ya Vita Kuu ya kwanza.

Kwa kuwa Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji tangu 1908 hata 1960, baadhi ya pikipiki hizo zilivuka bahari zikafika kwetu. Lakini viwanda hivyo havikuendelea. Watu wa Ulaya walipopata fedha za kununua motokari ndogo, waliacha pikipiki nzito. Kufika mwisho wa miaka ya 1960, kazi ya pikipiki huko Herstal ilikuwa imekoma katika nyumba zote tatu. Ndiyo sababu mwenye Saroléa au FN ya zamani hawezi kumwandikia mtengenezaji barua na kuomba vipuri. Pikipiki hizo hazitengenezwi tena.

Walakini sikieni jambo hili: viwanda vya pikipiki havikutengeneza tairi zao wenyewe. Walizinunua kwa watu wa mpira, kwa vipimo vilivyokubaliwa na wote. Pikipiki ya Herstal, pikipiki ya Uingereza na pikipiki ya India zaweza kuvaa kiatu kimoja, kama ndugu watatu wenye miguu sawa. Hapo ndipo tumaini letu lilipo.

MPIRA NA WAZEE WETU

Kabla ya kuendelea, yafaa kukumbuka kwamba tairi si kitu kigeni kabisa kwetu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo huko Belfast, alitengeneza tairi yenye upepo ndani kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha wazo hilo tangu 1845, lakini wakati wake baiskeli zilikuwa hazijaenea. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, wa ukoo wa Michelin, walitoa tairi ya baiskeli iliyoweza kuvuliwa na kurudishwa upesi.

Ulaya na Amerika zikaanza kulilia mpira. Nao mpira ulikuwa katika misitu yetu, ndani ya mitambaazi ya porini. Katika Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885 hata 1908, watu walilazimishwa kuugema kwa fimbo, kwa minyororo na kwa bunduki. Na wengine walikatwa mikono. Balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, aliyaandika mambo hayo katika taarifa iliyotolewa 1904, na dunia ikafadhaika. Tena wakati wa Vita Kuu ya pili, Wajapani walipokwisha kuteka mashamba ya mpira ya Malaya mwaka 1942, serikali ya koloni iliwarudisha watu wetu msituni. Siku za kazi ya lazima ziliongezwa hata kufika 120 kwa mwaka.

Twayataja haya si kwa kufufua uchungu. Twayataja ili kila kijana anayeshika tairi mkononi ajue kwamba mpira umelipiwa bei kubwa, wala asiuharibu ovyo.

SOMENI TARAKIMU

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu. Watu wengi huziona kama mapambo, kumbe ndizo anwani ya tairi.

Tuchukue mfano: 3.25-19. Tarakimu ya kwanza ni unene wa tairi kwa inchi, yaani inchi tatu na robo. Ya pili ni kipimo cha janti, inchi 19. Namna nyingine ya kuandika ni hii: 100/90-19. Hapo 100 ni upana kwa milimita. 90 maana yake urefu wa ubavu ni sehemu 90 katika 100 za upana huo. Na 19 ni janti ile ile kwa inchi. Tairi ya 3.50-19 yakaribiana na 100/90-19, na ya 4.00-18 yakaribiana na 110/90-18. Unene waweza kusogea kidogo, ikiwa kuna nafasi ya kutosha kati ya uma na matopepo. Tarakimu ya janti haisogei kamwe. Tairi ya 18 haipandi juu ya janti ya 19, hata ikivutwa na wanaume wanne; na tairi ya 19 ikiwekwa juu ya janti ya 18 itachezacheza, kisha itachomoka.

Kuna na lugha ya tatu, ya wazee. Vitabu vya zamani vya pikipiki huandika mathalani 26 x 3.25. Msomaji asiyejua atatafuta janti ya inchi 26, asiipate popote. Maana hapo 26 ni kimo cha tairi nzima tangu juu hata chini, si kimo cha janti. Fanyeni hesabu: janti 19, ongeza ubavu wa inchi 3.25 juu na mwingine chini, jumla 25.5, wazee waliiita 26. Kwa hiyo 26 x 3.25 ya zamani ndiyo 3.25-19 ya leo. Vivyo hivyo 27 x 4.00 ni 4.00-19, na 26 x 3.00 ni 3.00-20. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kulifumbua fumbo hili lililowashinda mafundi wengi.

MTEGO WA KUPIMA

Ikiwa tairi ya zamani imechakaa hata tarakimu hazisomeki, tazameni janti yenyewe. Mara nyingi kipimo kimegongwa kwenye chuma, kama WM2-19. Sugueni kutu kwa uangalifu, mtakiona.

Kama hakuna kitu, pimeni. Lakini hapa pana mtego. Wengi huweka utepe tangu ukingo wa nje wa janti hata ukingo wa nje wa upande wa pili. Hilo ni kosa. Kipimo cha kweli huchukuliwa pale tairi inapokalia, chini ya ukingo. Janti ya 18 ina sentimita 45.7 hapo, ya 19 ina sentimita 48.3. Na ukingo huzidi kwa inchi moja na kidogo. Basi mwenye janti ya 18 akipima kwa nje atapata karibu sentimita 48.5, naye atasema kwa furaha: «Ni 19!» Atatuma fedha zake mbali, atangoja miezi mitatu, na tairi ikifika haitamfaa. Pima mara mbili, ununue mara moja.

Na pikipiki za zamani sana, za kabla ya miaka ya 1930, zaweza kuwa na janti za namna nyingine, zenye ukingo uliokunjwa kama ndoana. Tairi yake haina waya ndani. Hushikwa kwa nguvu ya upepo tu. Tairi ya leo yenye waya haikai juu yake. Mwenye janti ya namna hiyo asijaribu kulazimisha. Amwonyeshe fundi mzee.

JINSI YA KUZIPATA

Pikipiki nyingi za taksi zinazojaza barabara zetu leo, za India na za China, hutumia janti za inchi 17 au 18, na tairi nyembamba za 2.75 au 3.00. Mwenye duka huleta zile tu, kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa. Wala si kosa lake. Lakini pikipiki nyingi za Ulaya za miaka ya 1930 hata 1950 zilikuwa na janti ya 19. Je, nani leo bado anaihitaji tairi ya 3.25-19?

Jibu liko India. Nyumba ya Royal Enfield ya Redditch, Uingereza, ilikuwa na pikipiki iitwayo Bullet. Mwaka 1955 kazi ya kuiunda ilianza Madras, mji ambao leo waitwa Chennai. Uingereza yenyewe iliacha, lakini Wahindi waliendelea, na kwa miaka mingi Bullet yao ilivaa 3.25-19. Bullet mpya iliyotoka 2023 huvaa 100/90-19 mbele na 120/80-18 nyuma. Lakini zile za zamani zingali nyingi barabarani, nazo zataka viatu. Kwa hiyo viwanda vya mpira vya India, kama MRF na CEAT, hutengeneza tairi za kipimo hicho. Mtoto wa Kongo mwenye pikipiki ya Ubelgiji atavishwa na fundi wa Madras. Dunia ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Na njia ya India tunayo tayari. Pikipiki za TVS na Bajaj zatoka huko. Vipuri vyake hushuka katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam. Vingine hupita Kampala hata Kasindi na Butembo. Vingine huvuka Tanganyika kutoka Kigoma hata Kalemie. Vingine hupita Zambia hata Kasumbalesa na Lubumbashi. Basi mwendee mfanyabiashara anayeleta vipuri kwa kontena, umwombe aongeze tairi mbili katika mzigo wake. Usimwambie: «Niletee tairi za FN.» Hataelewa, wala yule wa Chennai hataelewa. Mwandikie kwenye karatasi: «Tairi 2 za 3.25-19, mipira ya ndani 2 ya kipimo hicho hicho, na mikanda 2 ya kufunika vichwa vya vijiti vya gurudumu.» Mpelekee na picha kwa simu. Kama wako wengine wenye haja hiyo, katika parokia au katika mtaa, unganeni. Mfanyabiashara hupendelea kuleta tairi kumi kuliko mbili.

Na Ulaya? Huko wapo wanaozitunza pikipiki za zamani kwa kupenda kwao, na viwanda vichache vyawahudumia. Heidenau, karibu na Dresden katika Ujerumani, hutengeneza tairi za vipimo vya kale. Lakini msishike orodha za zamani kama maandiko yasiyobadilika. Kiwanda cha Avon huko Melksham, Uingereza, kilichojulikana sana kwa tairi za pikipiki, kilifungwa 2023. Tairi za Ulaya ni nzuri, ila gharama ya kuzisafirisha yaweza kuishinda bei yenyewe. Mwenye ndugu anayerudi nyumbani aweza kumwomba, mradi amwambie mapema, kwa maana tairi si kitambaa cha kukunja.

UZITO UNAOBEBWA

Baada ya kipimo, tazameni tarakimu mbili ndogo na herufi moja, kama 54P. Tarakimu ni alama ya uzito ambao tairi yaweza kubeba, na herufi ni mwendo. Alama 54 maana yake kilo 212. 57 ni kilo 230. 60 ni kilo 250. Herufi L ni kilomita 120 kwa saa, na P ni 150. Katika barabara zetu mwendo si taabu. Taabu ni uzito.

Tufanye hesabu pamoja na wanafunzi. Pikipiki ina kilo 160. Baba ana 65, na mama nyuma yake ana 65. Jumla ni 290. Tuseme theluthi mbili za uzito huo zalala juu ya gurudumu la nyuma: karibu kilo 193. Tairi ya alama 54 yavumilia. Sasa tuongeze mfuko wa maharagwe wa kilo 60. Jumla ni 350, na gurudumu la nyuma labeba kilo 233. Tairi imepita mpaka wake. Haitapasuka siku hiyo, pengine wala siku ya pili. Itapata joto, itachoka ndani, na siku moja penye jua kali itafunguka ghafla. Ndipo watu watasema ni uchawi wa jirani. Si uchawi, ni mfuko wa maharagwe.

TAIRI NAYO HUZEEKA

Mpira hukauka hata usipotumika. Tairi iliyokaa dukani miaka kumi yaweza kung'aa kama mpya, hasa ikipakwa rangi nyeusi, na huku imekufa ndani. Tafuteni ubavuni tarakimu nne zilizofungwa pamoja, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT. Zikiwa 2319, basi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, ni ya kabla ya mwaka 2000: iacheni, ijapokuwa muuzaji aapa kwa jina la mama yake. Ikipita miaka mitano, ikaguliwe kila mwaka; ikifika miaka kumi, itolewe hata kama maua yake bado ni marefu.

Kwa sababu hiyo, mwenye pikipiki adimu asishikwe na hofu akanunua jozi tano za kuweka akiba. Jozi moja ya kutumia na moja ya akiba zatosha. Ile ya akiba ikae mahali pa giza na pakavu, mbali na jua, petroli na mafuta.

MSIFANYE HIVI

Tumeona watu wakijaza majani ndani ya tairi, wakiishona kwa waya, au wakiweka kipande cha tairi nyingine ndani ili kuziba tundu. Kwa baiskeli inayokokotwa kurudi nyumbani, haya. Kwa pikipiki inayobeba mke na mtoto, hapana.

Iko njia moja ya halali kwa mwenye kushindwa kabisa: kubadili janti. Fundi hodari aweza kuchukua kitovu cha gurudumu la zamani na kukifungia janti ya 18, kwa vijiti vipya vilivyo vifupi kwa karibu nusu inchi. Lakini hesabuni matundu kwanza. Kitovu chenye matundu 36 hupata janti kwa urahisi. Chenye 40, kama vilivyo vingi vya zamani, hakilingani na janti ya matundu 36. Tena duara la gurudumu litapungua kwa sentimita 8 hivi, na saa ya mwendo, ikiwa yaendeshwa na gurudumu hilo, itasema zaidi ya kweli. Na janti ya zamani msiitupe. Ifungeni kwa gunia, mtoto wako aweza kuitaka.

Tairi ikifika, itazameni kama ina mshale; mshale hufuata upande wa kwenda. Pakeni maji ya sabuni ukingoni kabla ya kutia upepo. Tieni polepole, mkitazama ukingo ukae sawasawa pande zote, wala msipite kipimo kilichoandikwa ubavuni. Ikikataa kukaa, toeni upepo, muanze tena. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi ya upepo haraka hung'oa vidole.

Basi, jioni ya leo, kijana mmoja katika kila nyumba yenye pikipiki ya namna hii na aifunue turubai, ashike kitambaa na utepe, asome tarakimu na kuziandika katika daftari: kipimo, alama ya uzito, mwaka, idadi ya matundu. Daftari hilo halihitaji fedha. Na mfanyabiashara wa kontena atakapopita, nyumba hiyo itakuwa na neno la kumwambia.